Nanotyubu, grafini, kaboni nyeusi au leza? Kuchagua kaboni ya kihisi cha kupimia dawa

Mwanafunzi wa uzamili wa famasia au kemia akipewa kazi ya kutengeneza kihisi cha elektrokemia, kinachomkwamisha mapema si nadharia. Ni oda. Aagize kaboni ipi? Makala ziko maelfu, kila moja inasifia ya kwake, na karibu zote zinamalizia kwa kutangaza kikomo cha ugunduzi (kiasi kidogo kabisa ambacho kihisi kinaweza kukiona) kilicho chini kuliko cha waliotangulia. Swali hilohilo linamsumbua mchambuzi wa maabara ya ubora wa dawa aliyechoka kusubiri asetonitrili, kiyeyushi cha HPLC (mashine inayotenganisha na kupima dawa ndani ya kimiminika), anayetaka njia ya pili ya kupima vidonge.

Nalinganisha nne zinazopatikana na zinazotumika kweli: nanotyubu (mirija midogo mno) za kaboni zenye kuta nyingi, grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja) inayopatikana kwa kutengeneza oksidi ya grafini kisha kuiondolea oksijeni (nitaiita grafini ya kemikali), kaboni nyeusi, na grafini inayochorwa kwa leza juu ya plastiki. Fulerini, nukta za kaboni na almasi yenye boroni nimeziweka kando. Zina watu wake, ila anayeanza hana haja ya kuanzia huko.

Kwa asiyekuwa na habari: kihisi cha aina hii ni elektrodi unayoipa volti inayopanda polepole ndani ya mmumunyo. Molekuli ya dawa ikifika usoni mwa elektrodi na volti ikatosha, inaachia elektroni, na mkondo unapanda na kushuka, ukichora kilele. Parasetamoli, kwa mfano, huachia elektroni mbili na protoni mbili. Mahali kilele kinapotokea panakudokeza ni molekuli gani, na urefu wake unakuambia iko kiasi gani. Kazi ya kaboni nano ni kuongeza uso, kurahisisha elektroni kupita, na wakati mwingine kuinasa molekuli isiondoke mapema.

Vigezo kabla ya majina

Kigezo cha kwanza ni kiasi unachotakiwa kupima, na kiko ndani ya kitu gani. Ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Chukua kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, kisage, kiyeyushe hadi mililita 100. Tayari una milimola 33 hivi kwa lita, na itabidi uzimue mara elfu moja ndipo ufike pale elektrodi inapofanya kazi kwa utulivu. Kikomo cha nanomola 5 kinakusaidia nini hapo? Elektrodi tupu ya kaboni kioo (kaboni ngumu inayong'aa kama kioo), iliyosuguliwa vizuri kwa alumina, inakimudu kidonge hicho bila nano yoyote. Nenda kwenye damu: dozi ya kawaida huacha mikrogramu 10 hadi 20 kwa mililita ya plazma, sawa na mikromola 66 hadi 132. Kwa aliyezidisha dozi, mstari wa tiba unaofuatwa Marekani huanzia mikrogramu 150 kwa mililita saa 4 baada ya kumeza, yaani karibu milimola 1. Bado hatujaiona nanomola.

Sasa ibadilishe kazi. Utafute 4-aminofenoli, uchafu unaotokana na parasetamoli kuharibika, ambao Farmakopia ya Ulaya inauruhusu hadi sehemu 50 kwa milioni kwenye malighafi. Ukiyeyusha parasetamoli gramu 5 kwa lita, uchafu huo kwenye kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni mikromola 2.3 tu, na dawa yenyewe imeuzidi mara elfu 14 hivi. Hapo tatizo lako ni jirani mkubwa aliyekaa pembeni, wala si uchache wenyewe. Au chukua methotreksati: baada ya dozi kubwa ya saratani, madaktari hufuatilia damu mpaka ishuke kufikia mikromola 0.1 hivi, na hapo ndipo kikomo cha chini kinaanza kuwa na maana. Dopamini katika plazma ya mtu mwenye afya iko chini ya nanomola 1. Makala nyingi huiongeza kwa mikromola kadhaa kwenye serumu iliyozimuliwa sana, kisha hutangaza urejesho wa asilimia 99, yaani karibu yote iliyoongezwa imesomwa. Zimethibitisha kwamba elektrodi inaiona dopamini. Kuhusu mgonjwa hazijasema kitu.

Vigezo vingine vinne vinakuja haraka zaidi: je, vilele vya molekuli zinazokaribiana vinatengana, na uso unastahimili protini na mabaki? Je, elektrodi ya kumi inafanana na ya kwanza? Maandalizi yanakula muda gani, fedha gani, na yana hatari gani? Na je, unaweza kuifungia kimeng'enya au kingamwili ikakaa? Nitazipitisha kaboni zote nne katika kila swali. Kaboni kioo tupu nayo iwepo mezani muda wote, maana bila hiyo hujui nano imekuongezea nini.

Ishara: inatoka wapi hasa

Nanotyubu zilijulikana sana baada ya Sumio Iijima wa Japani kuzieleza mwaka 1991. Zikikaukia juu ya elektrodi huunda wavu wenye matundu mengi, mkondo unapanda na mara nyingi kilele kinasogea kwenye volti ya chini. Watu huandika "kichocheo" na kuendelea. Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni chuma kilichobaki kutoka kwenye uzalishaji: mwaka 2006 kundi la Richard Compton wa Oxford lilionyesha kwamba ishara ya peroksidi ya hidrojeni kwenye nanotyubu zenye kuta nyingi ilitoka kwa chembe za oksidi ya chuma, si kwa kaboni. Wa pili ni matundu yenyewe. Mmumunyo unaonaswa katikati ya nyuzi huisha haraka kama ulivyo kwenye tabaka jembamba, kilele kinasogea, nawe unadhani elektroni zimeanza kukimbia.

Kuutambua mtego wa pili hakuhitaji mashine mpya. Rudia skani kwa kasi tofauti, tuseme milivolti 10 hadi 300 kwa sekunde. Kilele kikikua sambamba na kipeuo cha pili cha kasi, molekuli zinawasili kwa kusambaa kutoka kwenye mmumunyo. Kikikua sambamba na kasi yenyewe, zimenaswa ndani au zimenata. Kisha toa elektrodi, isuuze, itumbukize kwenye bufa (mmumunyo wenye pH isiyoyumba) safi isiyo na dawa, na skani tena. Kilele kikijitokeza pale pasipo na dawa, una kumbukumbu ya sampuli iliyopita. Kunata si balaa. Mbinu za kulimbikiza dawa usoni kabla ya kupima zinategemea hilohilo. Balaa ni kutolijua, sampuli ya pili ikasomwa pamoja na ya kwanza.

Grafini waliyoibandua Andre Geim na Konstantin Novoselov kule Manchester mwaka 2004, iliyowapa Nobeli ya Fizikia mwaka 2010, siyo hii inayoingia kwenye chupa yako. Yako inatokana na njia ya Hummers na Offeman ya mwaka 1958: grafiti huoksidishwa kwa permanganeti ya potasiamu ndani ya asidi ya salfuriki, karatasi zinaachana majini, kisha oksijeni inaondolewa. Vitabu vitakuambia grafini ina mita za mraba 2,630 kwa gramu, mara mbili ya nanotyubu ya ukuta mmoja. Ni kweli kwa karatasi moja inayoelea. Zikikauka hurudi kulaliana na sehemu kubwa ya uso huo inapotea. Ishara yake hutegemea zaidi kingo, kasoro na oksijeni iliyobaki, kwa hiyo grafini mbili kutoka maabara mbili ni vitu viwili. Kwa dawa zenye pete za benzini, ambazo hupenda kulala juu ya karatasi hizi, inafanya kazi nzuri.

Kuhusu tabia ya kuongezea grafini kila kipengele na kudai maboresho, mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake walichanganya grafini na kinyesi cha ndege, wakaonyesha katika jarida la ACS Nano kwamba nayo inachochea mmenyuko vizuri kuliko grafini isiyo na kitu. Ilikuwa kejeli, na ilikuwa sayansi halisi. Ukisoma makala yenye grafini, dhahabu, zinki na polima kwa pamoja, ikumbuke hiyo.

Kaboni nyeusi haina tuzo. Ni ileile ya kwenye matairi na wino wa printa, chembe za makumi ya nanomita zilizoshikana mafungu. Kundi la Chuo Kikuu cha Tor Vergata, Roma, akiwamo Fabiana Arduini, limefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha kwamba elektrodi za kuchapwa (zinazochapwa kwa wino na hutupwa baada ya kutumika) zikipakwa kaboni nyeusi hutoa mkondo mkubwa zaidi kwa volti ndogo kuliko zisizopakwa. Ukitafuta kikomo cha kutangaza kwenye kichwa cha makala, haitakupa sifa. Ukitafuta kipimo cha mikromola kinachotulia, itakutosha.

Grafini ya leza ni changa: kundi la James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice liliieleza mwaka 2014. Leza ya kaboni dioksidi inapita juu ya filamu ya poliimidi, ile plastiki ya rangi ya kahawia-dhahabu, na kila inapogusa panafuka moshi kidogo na kubaki povu jeusi linalopitisha umeme. Elektrodi, njia yake na kiunganishi vinachorwa kwa mpigo mmoja. Povu hilo lina kingo nyingi, ishara ni kubwa, lakini mtego wa matundu niliousema kwa nanotyubu upo pia hapa. Njia ikiwa ndefu na nyembamba, ukinzani wake unapinda vilele. Paka gundi ya fedha kwenye kiunganishi na ufupishe njia.

Kutenganisha vilele, na kuchafuka

Mtihani wa jadi ni watatu: vitamini C, dopamini na asidi ya uriki. Kwenye kaboni kioo tupu huchora nundu moja pana. Katika pH ya 7.4 dopamini ina chaji chanya na vitamini C ina chaji hasi, na hapo ndipo uso wa elektrodi unapopata nafasi ya kubagua. Kaboni zote nne hutenganisha watatu hawa kuliko elektrodi tupu. Grafini ya kemikali iliyobakiwa na oksijeni ina faida ya ziada kwa dopamini, kwani chaji hasi ya uso wake inaivuta na kuisukuma vitamini C mbali. Tabaka jembamba la Nafioni, polima yenye chaji hasi, juu ya nanotyubu au kaboni nyeusi hutoa msaada wa namna hiyohiyo, ingawa linapunguza kasi. Grafini ya leza hutenganisha vizuri kwa sababu ya kingo zake.

Kwa dawa, mgongano unaoumiza zaidi ni wa asidi ya uriki. Iko kwenye damu ya kila mtu, kwa mwanamume mikromola 200 hadi 420 hivi, na inaoksidika kabla kidogo ya parasetamoli. Mkojoni ni nyingi zaidi. Ukijaribu kihisi chako kwenye bufa safi tu hutaiona mpaka siku ya sampuli halisi. Mambo huenda pia kinyume: baadhi ya vihisi vya sukari vya kuvaliwa mwilini, vinavyopima peroksidi ya hidrojeni, vilijulikana kusoma sukari juu kuliko ilivyo mgonjwa akimeza parasetamoli, kwa sababu dawa yenyewe inaoksidika kwenye volti ileile.

Kuchafuka kunasawazisha ubabe wa hizi kaboni. Protini za serumu hunata kwenye zote nne. Dopamini ikioksidika huacha utando mweusi unaofanana na melanini. Wavu wa nanotyubu na povu la leza vina pa kuficha uchafu mwingi, na kuvisafisha ni kazi. Kaboni kioo yenye tabaka la nano unaweza kuisugua na kuanza upya, ila basi umetengeneza elektrodi nyingine. Jibu la kaboni nyeusi na leza ni rahisi: tumia mara moja, tupa.

Elektrodi ya kumi ifanane na ya kwanza

Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapochelewa. Njia ya kawaida ni kudondosha mikrolita 5 za mchanganyiko wa miligramu 1 kwa mililita juu ya kaboni kioo ya kipenyo cha milimita 3, kisha kuacha likauke. Liangalie kwa lenzi: pembeni pana duara jeusi, katikati peupe, kama doa la chai lililokaukia mezani. Kila tone lina duara lake, na mkondo unabadilika nalo. Kausha polepole chini ya bika iliyofunikwa, au weka matone madogo mawili matatu badala ya moja, au ongeza kitosani kidogo, polima inayofanya kazi ya gundi, ili chembe zishikane. Tikisa chupa kwa mawimbi sauti kila mara kabla ya kuchota.

Nanotyubu ndizo mkaidi kuliko zote. Hujifunga mafundo, na bila kuzichemsha kwenye asidi ya nitriki na salfuriki au kuzichanganya kwa kiyeyushi cha dimethilfomamidi, haziachani. Shehena mpya ikija na chuma tofauti, rudia kila kitu. Oksidi ya grafini inasambaa majini vizuri sana, hilo ni raha yake. Ugumu ni hatua ya kuondoa oksijeni. Ukiifanya juu ya elektrodi yenyewe kwa volti hasi, badala ya chupani, unapata udhibiti mzuri na unaepuka haidrazini yenye sumu. Kaboni nyeusi huzalishwa viwandani kwa tani na mfuko wa leo unafanana na wa mwaka jana. Ikitikiswa saa moja kwenye mchanganyiko wa maji na dimethilfomamidi nusu kwa nusu inatulia kwa muda mrefu. Leza haichoki kurudia mchoro uleule, lakini umbali wa lenzi ukiteleza kidogo au filamu ikijikunja pembeni, povu la upande huo linakuwa jingine.

Usitosheke na elektrodi moja iliyopimwa mara kumi. Tengeneza kadhaa, kwa siku tofauti, na ukiweza kwa mikono ya watu wawili. Ukilenga sampuli za wagonjwa, mwongozo wa kimataifa wa ICH M10 wa mwaka 2022, kuhusu njia za kupima dawa kwenye sampuli za mwili, unataka usahihi na kurudiana ndani ya asilimia 15, au 20 kwenye kiwango cha chini kabisa. Elektrodi za matone zisizofungwa vizuri hushindwa hapo kabla hata damu haijaingia.

Mezani: muda, fedha, usalama

Kaboni nyeusi ndiyo nafuu kuliko zote, na mfuko mdogo wa sampuli kutoka kwa msambazaji utakutosha shahada nzima. Nanotyubu zenye kuta nyingi zimeshuka bei, ila zile zilizosafishwa chuma bado zina bei yake. Oksidi ya grafini unaweza kuinunua imeshatengenezwa au kuitengeneza. Ukiitengeneza, grafiti ni rahisi, lakini kuiosha kwa sentrifuji ni siku nzima nzima, na permanganeti na asidi hutoa heptoksidi ya manganisi, ambayo ikipata joto kupita nyuzi 55 hivi inaweza kulipuka. Barafu, subira, na usiachiwe peke yako maabara. Kama mtaalamu wa kukusimamia hayupo, inunue.

Kwa leza, filamu ya poliimidi si ghali, mashine ndiyo ghali. Lakini mashine ya leza ya kaboni dioksidi tayari ipo kwenye karakana nyingi za kuchonga vikombe vya ushindi na vibao vya majina, na fundi anaweza kukuchorea kwa malipo ya saa. Mwonye kuhusu moshi, uvutwe nje. Wala asichome kipande cha PVC kwa kudhani ni poliimidi: hutoa kloridi ya hidrojeni inayokula mapafu ya mtu na vyuma vya mashine.

Kuhusu vumbi: taasisi ya NIOSH ya Marekani imependekeza nanotyubu hewani zisizidi mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo, kiwango kidogo mno. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliweka aina moja ya nanotyubu ndefu na ngumu, MWCNT-7, kwenye kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kaboni nyeusi nayo iko kundi hilohilo. Zipime ukiwa ndani ya kabati la moshi, na zikishaingia kwenye kimiminika hofu inapungua sana.

Potenshiostati, chombo kinachoipa elektrodi volti na kusoma mkondo, nayo isikutishe. Mwaka 2011 watu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitoa michoro ya CheapStat, chombo ambacho vipande vyake viligharimu chini ya dola 80. Kinaweza voltametria za kawaida, yaani vipimo vya kubadilisha volti huku ukisoma mkondo. Kwa mikondo midogo sana utahitaji chombo bora zaidi.

Kubeba vimeng'enya na kingamwili

Nanotyubu zilizopitia asidi na oksidi ya grafini zina makundi ya kaboksili, na kemia ya EDC na NHS (kemikali mbili za kuunganisha) inayafunga kwa amini za protini bila shida. Vipande vya DNA hulala vyenyewe juu ya grafini. Kaboni nyeusi ina makundi machache, na mara nyingi inabidi protini ishikwe na kitosani au ifuate chembe za dhahabu zilizowekwa juu yake. Leza inahitaji msaada kama huo. Dhahabu huwekwa kwa umeme moja kwa moja juu ya povu.

Onyo moja kwa wanaotaka kihisi cha sukari. Madai kwamba glukosi oksidasi (kimeng'enya kinachooksidisha sukari) ikiwa nzima hupeleka elektroni moja kwa moja kwenye nanotyubu au grafini yamejaa kwenye makala. Mwaka 2018 Philip Bartlett wa Southampton na mwenzake waliyapitia na kuhitimisha kwamba hayana ushahidi. Kilele kinachoonekana ni cha FAD, kiini cha kimeng'enya kinachobeba elektroni, iliyochomoka kwenye kimeng'enya. Tumia kipatanishi cha elektroni (molekuli ndogo inayozibeba kati ya kimeng'enya na elektrodi), kama walivyofanya watengenezaji wa vijiti vya kupimia sukari miaka ya 1980 kwa kutumia ferosini.

Kwa hali yako

Upo kwenye maabara ya ubora, unapima kiasi cha dawa kwenye vidonge au sharubati, na unataka njia ya pili pembeni ya HPLC. Anza na kaboni kioo tupu. Ikitulia, huna sababu ya kwenda mbali. Ikiyumba kwa sababu ya wanga, rangi au vitamini C iliyochanganywa kwenye dawa ya mafua, weka kaboni nyeusi kwenye elektrodi za kuchapwa, kila sampuli na yake. Linganisha na HPLC kwenye vidonge vilevile, si kwenye bufa. Kwa mkaguzi wa sokoni anayeuliza swali la ndiyo au hapana, sanduku la Minilab lenye kromatografia ya bamba, ambalo mamlaka ya dawa Tanzania imelitumia kwa miaka mingi, linapima dawa nyingi ambazo hazioksidiki kabisa. Kihisi kinafaa kuwa nyongeza pale panapotakiwa namba.

Unatafuta uchafu mdogo kando ya dawa nyingi, kama 4-aminofenoli. Hapa nanotyubu au grafini ya kemikali zinastahili jasho lake, maana unahitaji vilele viachane na mkondo wa ziada kwa kitu kichache. Bahati nzuri 4-aminofenoli inaoksidika kabla ya parasetamoli, kwa hiyo simamisha skani kabla jirani mkubwa hajaanza.

Unapima dawa kwenye plazma ya wagonjwa. Fikiria kwanza jinsi ya kuondoa protini, kisha elektrodi ya kutupwa, iwe ya kaboni nyeusi au ya leza. Nanotyubu kwenye kaboni kioo zitakupa grafu nzuri kwa sampuli tatu za mwanzo. Kama lengo ni methotreksati au kingine cha chini ya mikromola, ongeza hatua ya kulimbikiza kwa kunata, na hapo grafini au nanotyubu zinarudi mchezoni.

Unataka kitu cha kuvaliwa, kipime jasho. Leza. Kundi la Wei Gao wa Caltech lilionyesha mwaka 2020 kihisi kilichochongwa kwa leza kinachopima asidi ya uriki na tairosini jashoni, wakakijaribu pia kwa wenye gauti. Filamu inapinda na ngozi. Tabaka la matone kwenye kaboni kioo haliwezi.

Unatengeneza kihisi cha kingamwili au DNA. Oksidi ya grafini, kwa sababu ya makundi yake na jinsi inavyosambaa majini. Nanotyubu zilizopitia asidi ni mbadala mzuri kama tayari unazo.

Na kama wewe ni mwanafunzi mwenye mwaka mmoja, msimamizi mwenye kazi nyingi na potenshiostati ya kugombania: nunua kaboni nyeusi na oksidi ya grafini kidogo, zote mbili kwa pamoja, uzipime kando ya kaboni kioo tupu kwa dawa ileile ndani ya wiki ileile. Kabla ya kuanza kupima dawa, pima kemikali mbili za majaribio, ruthenium heksaamini na ferosianidi, kwenye kila moja. Ya kwanza haijali sana hali ya uso, ya pili inaijali mno. Tofauti kati ya hizo mbili itakuonyesha kama ulichoongeza ni uso mkubwa tu au ni kemia mpya, na msimamizi atakapouliza hutakuwa unabahatisha.